Kabla ya Saa Kumi na Mbili

2 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na ofisi yetu imevuja palepale ilipovuja mwaka jana, juu ya kabati la majalada. Tumeweka ndoo. Mkuu wetu amesimama akaitazama ile ndoo, akasema, "Tutaangalia." Ndilo neno lake. Ukimwomba gari, tutaangalia. Ukimwomba likizo, tutaangalia. Sisi wa chini tumeshampa jina hilohilo, Tutaangalia, na nadhani anajua.

Nimeanza kuandika kwa sababu baba watoto amesema nikiendelea kurudi nyumbani na maneno ya kazini, yeye atahamia sebuleni. Basi maneno nitayamwaga humu. Kazi yangu ni kupokea vijana wanaotoka shule ya maadilisho, walikopelekwa na mahakama, na kuwarudisha kwa watu: darasani wakiwa bado na hamu, chuoni wakitaka ufundi, kazini akipatikana wa kuwachukua. Ukilisema hivyo linatoka mdomoni kama maji.

4 Machi

Kijana mpya. Ametimiza miaka kumi na minane akiwa ndani, na ni mrefu hadi ameinama kupita mlango wetu. Wenzake humwita Ngazi. Nilidhani ni kwa ajili ya huo urefu. Shangazi yake, mshonaji aliyemlea tangu mama yake afariki, ndiye aliyenieleza. Siku walipovunja duka la simu, wenzake walipanda mabegani mwake kufikia dirisha la juu. Wakachukua walichochukua, wakatokea mlango wa nyuma, na ngazi wakaiacha ukutani. Alikamatwa yeye peke yake.

Shangazi hakusimulia kwa huruma. "Ningekuwa hakimu ningemwongezea kifungo cha ujinga," alisema, na kijana akatazama viatu vyake.

Nilimuuliza anataka nini. Shule hataki tena, alisema, amekuwa mkubwa mno kwa dawati. Huko ndani walimweka jikoni, kwenye tanuri, akioka mikate ya shule nzima. Anataka hiyo kazi. Wengi wao ukiwauliza wanataka nini wanakwambia "chochote," na chochote hakina mlango wa kubisha. Huyu amesema mkate. Nimetoka ofisini natembea kama niliyeongezwa mshahara.

9 Machi

Bekari mbili zimenikataa mlangoni. Ya tatu imenipa kiti na chai kwanza, ndipo ikanikataa.

10 Machi

Nimempata mtu. Bekari yake iko nyuma ya posta, yeye ni mnene, ana unga hadi kwenye nyusi. Nilimweleza kila kitu bila kuficha, maana ukificha likija kufichuka limekuwa mara mbili. Alinisikiliza hadi mwisho. "Dada," alisema, "hata mimi kuna mtu alinipa nafasi. Mlete Jumamosi nimwone mikono."

Nimemsifu mtu huyu nyumbani kwa chakula kizima cha jioni. Mama mkwe, anayeishi nasi tangu goti lake lilipoharibika, ameniambia, "Anayekubali upesi, mwangalie na mguu wake uko wapi." Mama mkwe hampendi mtu yeyote aliyenona.

14 Machi

Ngazi amejaribiwa mchana huu. Nilisimama pembeni nimejikunja kama mzazi kwenye mtihani wa mwanawe. Amekanda, amekata, amepanga kwenye trei. Mwenye bekari aliubonyeza mkate kwa kidole, akangoja uinuke, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kazi ni yake, amesema. Zamu inaanza saa kumi alfajiri, kama bekari zote duniani, maana watu wanataka mkate kabla ya kwenda kazini.

Nilishukuru, nikapeana naye mkono, nikafika hadi kituo cha polisi ndipo nikasimama katikati ya matope.

16 Machi

Nimelisoma tena jalada ingawa nilishajua kilichomo. Amri ya uangalizi inasema Ngazi asitoke nyumbani kwa shangazi yake tangu saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, mwaka mzima. Saa kumi na mbili, mikate yote mjini imeshaokwa.

Sharti hilo hubadilishwa na mahakama. Mahakama hupokea ombi kutoka ofisi yetu. Ofisi yetu maana yake ni sahihi ya mkuu. Nimeandika ombi ukurasa mmoja, nimempelekea. Amelisoma. Amevua miwani, amevaa miwani.

Sihitaji kuandika alichosema.

20 Machi

Ombi liko mezani kwake. Nimeliona. Limewekewa kikombe.

24 Machi

Mvua. Ombi bado. Binti niliyempeleka chuo cha umeme amerudishwa nyumbani kwa kukosa buti za kazi. Nimempa za kaka yangu, zinamzidi, ameweka magazeti ndani.

27 Machi

Leo nilisimama mbele ya meza yake nikakataa kuondoka. Nilimwambia kijana amepata kazi, kazi halisi, kwa mtu aliyekubali bila kulazimishwa, na kinachokosekana ni wino. Aliniuliza kama nina uhakika naye. Nilimjibu kuwa sina uhakika hata na baba watoto, ila kazi lazima ifanyike. Karani wetu alijifanya anakohoa. Mkuu ametia sahihi, polepole, kama anayetia sahihi talaka.

Nimemwita mwoga hapa kwenye karatasi, kwa kuwa siwezi kumwita hivyo usoni.

30 Machi

Mahakamani. Karani wa masjala amesema ombi lina mhuri wa zamani.

1 Aprili

Mhuri mpya. Karani hayupo, amekwenda msibani. Mwenzake hapokei ya wenzake.

7 Aprili

Limepokewa. Nimeuliza tutaitwa lini. "Njoo kesho." Nimekwenda kesho yake, nimeambiwa njoo wiki ijayo. Naandika tarehe moja kwa siku mbili kwa sababu hakuna tofauti.

10 Aprili

Mwenye bekari bado mwungwana. Amekubali Ngazi aje saa moja asubuhi aoshe trei na kufagia, hadi mambo yakae sawa. Nimepita kumwona. Tanuri limeshapoa, wenzake wamekaa juu ya magunia wanapiga soga, naye yuko uani chini ya bati linalovuja, anasugua trei zilizoungua. Nilimuuliza unaonaje. Akasema, "Nanusa tu, mama."

12 Aprili

Jumapili. Ngazi amekuja nyumbani kwetu mchana, amelowa chapachapa, kuuliza kama kuna habari. Hakuna habari. Nilimpa taulo na chai. Mama mkwe alipojua ni nani, alichukua pochi yake mezani, akaiweka kwenye kiti, akaikalia. Alikaa hivyo muda wote aliokuwepo mgeni, ameinuka upande mmoja kama mtu mwenye jipu. Ngazi aliona. Alimaliza chai, akakiosha kikombe mwenyewe, akaaga kwa heshima zote, "Shikamoo bibi, kwaheri bibi," kwa pumzi moja.

Nilimsema mama mkwe, jambo nisilolifanya. Amenijibu kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nikamwambia nyoka gani, hajawahi kuibiwa hata sindano. Baba watoto amehamia sebuleni kweli, na gazeti lake.

17 Aprili

Jalada la Ngazi limehamishwa pamoja na majalada mengine kwa sababu paa la masjala limevuja. Hakuna anayejua limehamishiwa chumba kipi. Karani ananiambia nimshukuru Mungu halikulowa.

21 Aprili

Limeonekana. Hakimu yuko likizo.

24 Aprili

Mwenye bekari amenipigia. Sauti si ile ya chai. Amesema yeye si chama cha misaada, mtu mmoja wa zamu ya alfajiri ameacha kazi, wateja wa hoteli wanalalamika. Kijana aanze Jumatatu saa kumi au amchukue mtu mwingine. Nilimkumbusha kuhusu sharti. "Dada, nalijua sharti lako. Wewe unalijua tanuri langu?"

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hana makosa.

26 Aprili

Nimekwenda kwa shangazi wa Ngazi. Chumba ni kimoja, kimegawanywa kwa pazia, cherehani iko dirishani. Nimemwambia kijana mbele ya shangazi yake: usitoke kabla ya saa, hata mtu akuite vipi. Kesho mimi nitakuwa mahakamani mlango ukifunguliwa. Alisema ndiyo, mama. Nimezoea ndiyo za aina nyingi katika kazi hii. Hii ilikuwa ya mtu aliyechoka kusikia kesho.

27 Aprili

Hakimu amerudi. Ombi limepangiwa tarehe ishirini Mei. Nimemwomba karani, nimembembeleza, nimemwita mdogo wangu ingawa ana mvi. Ishirini Mei.

Nimempigia mwenye bekari kumwomba angoje hadi hapo. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema ana mikate motoni.

29 Aprili

Wamemkamata.

Askari wa doria walimkuta asubuhi ya leo kwenye barabara ya posta, saa kumi kasorobo, mvua inanyesha, amejifunika gunia la unga kichwani. Alisema anakwenda kazini. Walicheka. Walipata jina lake kwenye orodha yao, wakaacha kucheka.

Nimefika kituoni nguo zimenigandia mwilini. Nilimkuta kwenye benchi la nyuma, magoti yamemfika kidevuni. Nilitaka kumpiga, Mungu anisamehe, nilitaka kumpiga makofi kama mwanangu wa kumzaa. Nilimuuliza nilikwambia nini. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba jana jioni mwenye bekari alimpigia kwenye simu ya shangazi yake, wakati shangazi ameiacha akaenda kupeleka nguo kwa mteja. Alimwambia aje alfajiri ya leo au asije tena maishani, na kwamba kwa mvua hii askari wote wamelala.

"Na wewe ukaamini askari wamelala?"

"Sikuamini," alisema. "Nilitaka kazi."

Nilimwomba mkuu wa kituo ampigie mwenye bekari athibitishe. Akampigia mbele yangu. Nilisikia ile sauti nene ikisema hajamwita mtu yeyote, kijana anajua huanza saa moja, labda alikuwa na mambo yake mengine. Mkuu wa kituo aliandika, kila neno. Nilimpokonya simu, nikasema, "Kaka, ni mimi." Ikakatwa.

Shangazi alifika akiwa bado na futi ya kupimia shingoni. Alisomewa maneno ya mwenye bekari. Hakulia. Alimwambia kijana wake, "Kwa hiyo ulikuwa unakwenda wapi?" Ngazi akasema bekari, shangazi. "Mwenye bekari hakujui." Bekari, shangazi. Akageuka akaondoka kwenye mvua bila kuniaga, na yule mrefu akafunika uso kwa mikono yake, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

30 Aprili

Andika hili vizuri, mama wee, ulisome ukizeeka.

Ombi letu la kumruhusu kijana kwenda kazini limetafuta nafasi mahakamani tangu mwezi uliopita. Msiba, mhuri, paa, likizo. Kosa lake la kwenda kazini limepata nafasi siku moja tu baadaye, saa tatu kamili, hakimu yupo, karani yupo, jalada lipo, kavu.

Sikutegemea mtu. Nilikuwa nimesimama nyuma na maneno yangu nimeyapanga, mara mlango ukafunguka akaingia Tutaangalia, suruali imekunjwa hadi magotini, viatu mkononi, maana mfereji wa pale mbele umefurika. Hajawahi kukanyaga mahakamani tangu niajiriwe. Aliomba ruhusa ya kusema, akapewa.

"Mheshimiwa, kijana amevunja sharti, hilo halina ubishi," alisema. "Lakini ombi lake lilikaa mezani kwangu kabla halijafika hapa. Nililikalia. Zamani nilimdhamini mwingine, akanigeuka, nikasimamishwa pale pale aliposimama huyu nikiulizwa akili zangu zilikuwa wapi. Tangu hapo naogopa kalamu. Huyu amelipia woga wangu."

Alikuwa bado ameshika viatu. Mimi nimemcheka mtu huyu miaka na miaka, nimewafundisha na wageni kumcheka.

Hakimu ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuchoka. Alisoma maneno ya mwenye bekari, akamuuliza Ngazi kama ana la kusema. Ngazi akasema alikwenda bekari. Basi. Hakimu alifikiri, akatoa uamuzi wake: onyo kali, miezi mitatu zaidi ya uangalizi, na kwa kuwa ombi liko mbele yake, sharti linabadilishwa. Kuanzia leo kijana anaruhusiwa kutoka saa tisa na nusu alfajiri kwa ajili ya kazi.

Tulitoka na ruhusa mkononi. Nilikimbia hadi bekari niifikishe. Mwenye bekari hakutoka. Kijana wa kaunta ndiye aliyenijibu, kwa aibu, kwamba nafasi imeshapata mtu. Shemeji yake bosi. Ameanza leo.

3 Mei

Mvua kutwa. Sina la kuandika ambalo halina tusi.

6 Mei

Nimemwambia mkuu ahsante kwa siku ile. Ameniambia ndoo imejaa.

11 Mei

Hoteli mbili, bekari nyingine moja, jiko la hospitali. Wote wameipokea ruhusa ya mahakama wakaisoma kwa makini, na ile karatasi niliyoisotea ndiyo inayowaambia kwamba kijana ana kesi. "Tutakupigia." Ningekuwa na simu kwa kila aliyeahidi kunipigia ningefungua duka, halafu wangelivunja.

13 Mei

Shangazi hamwamini. Hilo ndilo linalommaliza kijana, si kazi. Amemwondolea ufunguo wa chumba. Anapokwenda kwa wateja anamtanguliza nje na kufunga. Nimemweleza mara nyingi kwamba mwenye bekari alidanganya, kwamba kijana aliitwa. Anashona bila kuinua kichwa. "Wewe ni mwema, mwenzangu," aliniambia, "na wema wako unakufanya umwamini kila mtu. Ulimwamini na yule mnene."

Nilikaa nikatazama sindano ikipanda na kushuka.

16 Mei

Mama mkwe ameniuliza, bila kunitazama, yule mrefu amepata kazi au bado. Nimesema bado. Amesema, "Mtu anayeosha kikombe chake mwenyewe." Kisha akarudi kulalamikia goti.

19 Mei

Mwenye bekari amepiga simu.

Aliongea kama tuliachana jana kwa mema. Shemeji ameshindwa, alikuja alfajiri wiki ya kwanza, ya pili alikuja akalala juu ya unga, leo hakuja kabisa. Je, yule kijana wangu bado yuko? Anasikia mahakama imeruhusu. Aje tu.

Nilimwambia nitampigia. Nilifurahi sana kulitamka neno hilo. Mchana kutwa nimetunga kichwani jinsi ya kumkatalia. Nimelipanga, nimelipamba, nimelifanyia mazoezi bafuni.

20 Mei

Nilikwenda kumwambia Ngazi akatae. Sifichi. Nilimkuta kwenye kizingiti, nje ya mlango uliofungwa, anamngoja shangazi arudi. Nikakaa naye chini ya ukingo wa bati. Nikamweleza simu ile, nikamwambia mtu yule hafai, alikukana polisi, alikutia aibu mbele ya aliyekulea, sisi tutatafuta pengine.

Aliutazama mlango uliofungwa. "Pengine wapi, mama?"

Sikuwa na wapi.

"Nitaenda," alisema.

"Alisema hakukuita, Ngazi. Ulisikia yakisomwa."

"Nilisikia." Alinyosha miguu yake mirefu, mvua ikampiga vidole, akairudisha. "Wewe una mshahara, mama. Hasira unaimudu. Mimi bado sijafika huko."

Msimu mzima nimekasirika kwa niaba yake, na ilikuwa mara ya kwanza kufikiria kwamba hakunituma.

"Ila aje mwenyewe kunichukua," aliendelea. "Siku ya kwanza. Aje hapa mlangoni, amwambie shangazi ni nani aliyepiga simu ile. Akishasema, nitafanya kazi yake vizuri, sitamkumbusha tena. Asiposema, atafute shemeji mwingine."

Nimempigia mwenye bekari palepale, nikamsomea masharti. Nilisikia trei zikigongana nyuma yake. Akauliza kama haitoshi nikimfikishia mimi. Ngazi alikuwa ananitazama. Nikasema haitoshi.

23 Mei

Kumekucha kukavu kwa mara ya kwanza tangu Machi. Sikwenda alfajiri; Ngazi aliniomba nisiende. Iliniuma, lakini nilikaa nyumbani. Nimepita kwa shangazi saa mbili, nikiwa bado sijui lolote.

Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa anashona sare, kazi nyingi. Aliniashiria kiti kwa kidevu, akamaliza mshono wake kwanza, akakata uzi kwa meno.

"Alikuja," alisema.

Nilivuta kiti karibu.

"Na pikipiki. Kulikuwa bado giza. Nilimwambia aingie, akasema viatu vyake vina matope, atasema kutoka hapo hapo. Alivua kofia. Akasema mimi ndiye niliyempigia kijana, kwenye simu yako, nikamwita, halafu nikaogopa polisi nikasema uongo." Shangazi alikunja sare, akaikunjua, akaikunja tena. "Alisema kama anayetema kokwa. Lakini alisema."

"Na wewe ulimwambia nini?"

"Yeye? Sikumwambia kitu. Nilimgeukia huyu wangu. Nikampa ufunguo."

"Naye?"

"Aliuchukua, akaingia ndani kuvaa viatu."